Mgonjwa aliniambia "rudisha pale kwa daktari": film ya mapenzi niliyoifasiri nyumbani kwa fundi wa nguo, Kamalondo

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi, mji ambao umeme hukatika lakini maneno hayakatiki.

Hii siyo chai. Majina nimeyabadilisha kwa heshima ya wahusika, basi. Mengine yote niliyaona kwa macho, na nusu yake niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, kwenye maiki, mbele ya watu.

Naiandika kwa sababu najivunia. Sijapata mambo mengi ya kujivunia katika maisha yangu, kwa hiyo hili moja mniachie nilisimulie kwa nafasi.

Kwanza mnijue kidogo.

Shule niliiacha mapema. Akili ilikuwepo, ila miguu ilikuwa inaniwasha. Nimebeba makapu ya samaki Kasenga, nikavuka mto Luapula nikakaa na wavuvi upande wa Zambia. Nimepakia malori. Nimefika mpaka Tunduma, kisha Mbeya. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wananikimbia. Kwa nini nyavu mnazitia rangi? Kwa nini mzee huyu hasalimiani na yule? Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Mbeya ndipo nilipowakuta wale jamaa wanaozungumza juu ya filamu. Ninyi wa Tanzania mnawajua vizuri. Kibanda cha video, benchi, film ya Kikorea au ya Kihindi, na mtu mmoja ana maiki anawatilia wahusika Kiswahili mdomoni.

Nilikaa ndani ya kile kibanda mpaka mwenyewe akaniuliza kama sina kwetu.

Nikarudi kwetu na ile kazi kichwani.

Kamalondo nikapata salle moja, yaani ukumbi wa video, jirani na mtaa wa mafundi wa nguo. Film zinatufikia kwa Kifaransa. Kifaransa changu ni cha barabarani, lakini kinatosha kusikia nani anampenda nani na nani anadanganya. Mimi nafasiri kwa Kiswahili chetu cha hapa, cha bantu na batoto badala ya watu na watoto, cha njo badala ya ndiyo na juu ya badala ya kwa sababu ya, kile ambacho wengi humu huwa mnakicheka.

Chekeni tu. Siku mkikisikia kwenye film ya mapenzi mtatafuta leso.

Jumapili baada ya misa ni zamu ya akina mama. Siku hiyo haturushi ngumi wala bunduki. Ni mapenzi tupu.

Ndipo ikaja hiyo film.

Jina silitaji. Ni ya ugenini. Mwanamume ni dereva wa treni, mwanamke anauza maua pale stesheni. Wanapendana kwa kupungiana mkono, maana treni haisimami muda mrefu. Siku moja mwanamume anashuka na kuacha treni ya watu. Wanaoana. Kisha mwanamke anaanza kukonda.

Wanakwenda kwa daktari wote wawili. Daktari anawaeleza kwamba ugonjwa hauna dawa ya kuumaliza. Nusu iliyobaki ya film ni hao wawili wanatumia siku zao. Mwishoni mwanamke anakufa, na treni zote za pale stesheni zinapiga honi.

Ile Jumapili ya kwanza akina mama walitoka salle wanalia kana kwamba wametoka kuzika. Wakapita barabara yote wanapangusa macho kwa vitenge. Na katika barabara hiyo ndiyo iko nyumba ya Papa Dieudonné.

Papa Dieudonné ni fundi wa nguo. Mtu mtaratibu, anaongea na pini mdomoni, ukimsikiliza inabidi ukisie nusu. Mke wake, Mama Asta, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa anauza vitumbua mlangoni na kumtania kila apitaye. Mimi aliniita Redio.

Lakini wakati huo Mama Asta alikuwa kitandani miezi kadhaa. Amekonda mwili, tumbo limevimba, macho yamegeuka manjano, chakula hakipiti.

Sasa wakuu, hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wote wa hii stori.

Kwetu mtu akivimba tumbo na kukataa chakula, watu hawaulizi ni ugonjwa gani. Wanauliza nani alimpa kula.

Na mtaa ulikuwa na jibu. Mama Asta ana mdogo wake, anaitwa Fifi, anakaa Kampemba, humu humu mjini. Fifi ni mfanyabiashara wa samaki wakavu, huwafuata mwenyewe Kasenga. Kila akirudi alikuwa anamletea dada yake fungu zuri. Mama Asta alianza kuugua baada ya fungu mojawapo.

Mama Asta mwenyewe ndiye aliyeunganisha. Akasema samaki wa Fifi ndio waliomuingia. Akawatupa nje mbele ya majirani, na Fifi akafukuzwa asikanyage tena pale. Dada na mdogo, tumbo moja, waliokuwa wakisukana nywele kizingitini kila Jumamosi.

Fifi alikuwa akifika kona ya barabara, anasimama, anaangalia lile geti, anarudi.

Na wote tulijua mwisho wake utakuwa nini. Siku Mama Asta akifa na neno lile halijaondolewa, Fifi asingeweza kuja kwenye kilio. Vijana wangempiga kwa mawe. Nimeshaona mwanamke akitolewa hivyo kwenye kilio cha mama yake mzazi, na sitaki kueleza zaidi.

Kilichokuwa hakijulikani na mtaa ni hiki: Papa Dieudonné alijua ukweli.

Hospitali walikuwa wamemuita pembeni yeye na dada yake mkubwa, Mama Charlotte. Wakaambiwa ni kansa ya ini, imefika mbali. Wakatoka pale na siri. Mama Charlotte ndiye aliyekata shauri kwamba mgonjwa asiambiwe. Kwetu inaaminika kwamba ukimwambia mgonjwa hivyo, umemkata moyo, utakuwa umemuua kabla ya ugonjwa.

Ona sasa mtego aliokuwemo yule fundi. Ili amsafishe Fifi, lazima amwambie mkewe kwamba anakufa. Asipomwambia, Fifi anabaki mchawi.

Akanyamaza. Alikuwa na pini mdomoni, mnakumbuka.

Haya yote ya hospitali sikuyajua wakati huo. Niliyajua kwa namna nitakayowaeleza.

Papa Dieudonné alikuja salle akanikuta naunganisha spika.

"Petit," akaniambia, kama wazee wetu wanavyomwita kijana, "bibi yangu anataka ile film."

"Ile ya treni?"

"Ile yenye banamuke banalia. Alibasikia banapita. Hawezi kufika huku. Utaileta ku nyumba?"

(Bibi kwetu ni mke.) Nikakubali papo hapo. Mimi nimefasiri mbele ya walevi, mbele ya wachimba madini, mbele ya mbuzi waliojiingilia. Mgonjwa sijawahi. Nikaona ni heshima.

Jumapili iliyofuata nikabeba televisheni kwenye toroli. Nikafika kwao, nikakuta habari imenitangulia. Majirani wamejaa sebuleni, kila mmoja na kiti chake. Mama Asta wamemtoa chumbani, wamemlaza kwenye godoro karibu na ukuta, ameegemea mito, amefungwa kitambaa kizuri cha kichwa.

"Redio amefika," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini utani ulikuwa mzima. "Mupeni maji, leo ataongea mambo ya mapenzi na hana hata bibi."

Watu wakacheka. Nikafurahi.

Kabla sijawasha, Mama Charlotte akanivuta mkono mpaka jikoni. Huyu ni mama mrefu, anaimba kwaya, akikushika mkono unasimama wima.

"Sikia. Ule mwanamuke wa mu film iko na malaria."

"Mama, hana malaria. Daktari anasema..."

"Iko na malaria. Anapona. Umesikia?"

"Mama, mwishoni kuna sanduku la maiti."

"Utajua la kusema. Si ni kazi yako?"

Hapo ndipo nilipokisia kwamba ndani ya ile nyumba kuna kitu.

Nikawasha.

Nusu ya kwanza, wakuu, niruhusuni nijisifu, nilikuwa moto. Yule dereva wa treni nilimpa sauti ya Mluba aliyetoka kijijini juzi. Muuza maua nikampa kiburi cha binti wa mjini. Akisema "nakupenda" kwa Kifaransa, mimi namwambia dereva, "Weye na makelele ya treni yako, mutu hawezi kulala tena juu yako." Sebule ilikuwa inapiga kelele. Mama Asta anashika tumbo, anacheka, anaumia, anacheka tena.

"Dieudonné," akamwita mumewe, "sikia namna bantu banasemaka na babibi yabo!"

"Mi nilikushonea robe," akajibu fundi bila kumtazama.

"Ilinibana!"

Nyumba ikaanguka kwa kicheko.

Kisha tukafika kwa daktari.

Kwenye skrini daktari ameshika makaratasi, sura imeanguka, muziki wa huzuni. Na mimi nasema: "Bon, Madame, tumeangalia damu, ni malaria. Kunywa dawa, kunywa maji, usikae ku baridi."

Wale wawili kwenye film wanakumbatiana na kulia machozi ya kweli.

"Banalia malaria?" mama mmoja akauliza nyuma.

"Wanalia furaha," nikasema. "Walidhani ni kitu kikubwa."

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Yule dada nywele zinanyonyoka, mimi nasema amebadilisha mtindo. Anabebwa kwenye kiti cha magurudumu, nasema ameteguka mguu. Kila uongo ulizaa mwenzake na wote ilibidi niwalishe.

Tukafika kwenye sanduku.

"Huyu aliyekufa ni shangazi yake," nikatangaza.

"Na ile foto juu ya sanduku?" akauliza mtu.

"Wanafanana sana. Ni ukoo."

Watu wakapasuka. Hata mimi nilicheka kwenye maiki. Film ikaisha, treni zikapiga honi, nikasema stesheni inamuaga shangazi.

Nikageuka kumwangalia Mama Asta nione kama amefurahi.

Hakuwa anacheka.

"Redio," akasema.

"Mama."

"Niko mugonjwa. Siko kipofu."

Waliokuwa wakicheka wakageuka kumtazama.

"Rudisha pale ku docteur. Sema sawa vile yeye anasema. Usiweke bongo yako."

(Bongo kwetu ni uongo. Watu wa Dar msinikasirikie.)

Nikamtazama Mama Charlotte. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, anatikisa kichwa, hapana, hapana.

Nikamtazama Papa Dieudonné. Alikuwa anaangalia sakafu. Kisha, bila kuinua uso, akasema neno moja.

"Rudisha."

Nikapitiliza mara mbili. Nikaipata ile sehemu. Nikapunguza sauti ya film. Nikaweka maiki chini, sikuona sababu ya kutumia maiki kwa maneno yale.

Nikafasiri. Sikuongeza, sikupunguza. Nilitafuta Kiswahili cha kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Madame, bugonjwa hii iko mu mwili yako tangu zamani. Hatuna dawa ya kuimaliza. Tuko na dawa ya kupunguza maumivu."

Kwenye skrini yule muuza maua anauliza.

"Mi nilikosa nini?"

Na daktari anajibu.

"Haukukosa kitu. Hakuna mutu alikupatia. Ilianza yenyewe, mu mwili."

"Rudisha," akasema Mama Asta.

Nikarudisha. Nikasema tena.

"Tena."

Nikasema tena. Hakuna mutu alikupatia.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika kazi yangu yote. Akainua kichwa kwenye mto, akanyoosha kidole kwenye televisheni, akaniambia:

"Uliza ule docteur. Hii bugonjwa inaingiaka na chakula?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha.

Film haijibu, wakuu. Yule daktari alikuwa ameganda kwenye skrini, mkono hewani, makaratasi yake mkononi. Nilitamani Mungu ampe sauti.

Aliyejibu ni Papa Dieudonné.

"Hapana. Haiingiake na chakula."

Mama Asta akamgeukia polepole.

"Na weye unajua namna gani?"

"Docteur alinielezea."

"Docteur wa nani?"

Fundi akatoa pini mdomoni. Alizitoa zote, akazichomeka kwenye ukosi wa shati lake, moja moja.

"Wa kwako," akasema. "Njo ile ile, Asta. Ni kansa ya ini. Hakuna mutu alikulisha. Fifi hakufanya kitu."

Mama Charlotte akapiga yowe. "Dieudonné! Umemuua! Umemuua bibi yako mbele ya bantu!"

"Yaya Charlotte," akasema Mama Asta, kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, "keti."

Na yule mama mrefu, wakuu, akaketi. Chini, sakafuni, na kitenge chake kizuri cha kanisani.

Majirani walianza kutoka mmoja mmoja, na viti vyao, bila kuaga. Mimi nilitaka kutoka pia lakini televisheni ilikuwa yangu.

Mama Asta alilia. Sitasema hakulia. Alilia akiwa amemshika mumewe shati, na yule fundi alikuwa anarudia tu, "Nilishindwa. Nilishindwa." Naye akamjibu kitu nitakachokumbuka mpaka nife:

"Mi nilikuwa nalala hapa namuchukia mutoto wa mama yangu. Kila siku. Ile chuki njo iliniuma kupita tumbo."

Akapangusa macho. Akanigeukia.

"Redio, weye miguu yako haitulie. Nenda Kampemba. Niitie Fifi."

Nilitoka mbio. Nikakamata pikipiki, nikamwambia dereva twende kama tunakimbizwa.

Fifi nilimkuta uani kwake anapanga samaki kwenye meza. Aliponiona alitambua natoka Kamalondo. Akaacha samaki wakadondoka.

"Yaya alikufa?"

"Hapana. Anakuita."

"Banataka kunipiga?"

"Hapana, Mama Fifi."

"Nani alikutuma? Charlotte?"

"Yeye mwenyewe Mama Asta. Amejua ni kansa. Amesema hukufanya kitu."

Alinitazama sana, anatafuta mtego usoni kwangu. Sikumlaumu. Kisha akafunga kitenge upya kiunoni, akapanda pikipiki nyuma yangu na mikono inanuka moshi wa samaki.

Tulipofika geti, alisimama. Miezi yote ile alikuwa akisimama kona. Sasa amefika geti na miguu imegoma.

Nikaingia peke yangu, nikasema, "Amefika, yuko nje."

Mama Asta akapaza sauti, ile sauti yake ndogo, mpaka mishipa ya shingo ikasimama:

"Fifi! Unasimama huko juu ya nini? Uko polisi?"

Fifi akaingia. Akasimama mbele ya godoro, mikono imeanguka. Ni wazi hakutegemea kumkuta dada yake amebaki mifupa ile.

Wakatazamana.

"Na samaki?" akauliza Mama Asta.

"Uliitupa, Yaya."

"Nilitupa ile ya zamani. Ya leo iko wapi? Umekuya mikono mitupu ku bugonjwa?"

Fifi akaanguka magotini. Sijui kama alikuwa anacheka au analia, nadhani vyote vilitoka pamoja. Akaweka kichwa kwenye kifua cha dada yake, na Mama Asta akaanza kumkagua nywele. "Nani alikusuka hivi? Alikuchukia?"

Hapo mimi nilitoka nje. Kuna mambo hata mtu mdadisi kama mimi hapaswi kuyaangalia.

Wakuu, baada ya siku ile, ile nyumba ilibadilika.

Msidhani Mama Asta alikufa kesho yake kama Mama Charlotte alivyoogopa. Hapana. Alikaa nasi mpaka mvua zikaisha na baridi ya kiangazi ikaanza. Papa Dieudonné alihamisha cherehani kutoka kibandani mwake akaiweka barazani, dirisha la mgonjwa likiwa wazi. Alikuwa anashona, na mkewe anamsimamia kutoka kitandani: huo mkunjo umepinda, huyo mteja ana tumbo usimbane, kunywa maji. Nikipita nawasikia wanagombana kwa sauti za chini kama vijana waliooana jana.

Fifi alikuwa anakuja kila asubuhi. Alimsuka dada yake nywele zilizobaki. Alichemsha samaki mpaka wakawa mchuzi, na Mama Asta alimeza kijiko, wakati mwingine viwili, mbele ya majirani, kwa makusudi, ili mtaa uone.

Na mimi niliitwa tena na ile film. Safari hii yote, tangu mwanzo, bila malaria.

Hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Mama Asta alinisimamisha mara nyingi kunisahihisha.

"Hapana, Redio. Mwanaume anayependa hasemake vile."

"Anasema namna gani, Mama?"

"Hasemi. Anakuuliza kama ulikula."

Nikabadilisha. Kila dereva wa treni alipotakiwa kusema jambo kubwa la mapenzi, nikamfanya aulize, "Ulikula?" Papa Dieudonné pale barazani akaacha kukanyaga cherehani.

Tulipofika kwenye sanduku nikasimamisha film. Akaniambia endelea. Nikaendelea. Akaangalia mpaka honi ya mwisho, mkono wake ndani ya mkono wa Fifi, akasema, "Bon. Ni film ya muzuri. Lakini ile sanduku ni ya bei ya bure."

Alifariki kiangazi hicho, asubuhi, nyumbani kwake.

Sasa niwaeleze kilio, halafu nimalize.

Kwetu, mwanamke akifa ndoani, ndugu zake wanafika na swali. Familia ya mume inasimama mbele ya watu wote na kueleza ugonjwa: ulianza lini, mlifanya nini, mlimpeleka wapi, nini kilimuua. Wakieleza vibaya, kilio kinageuka vita. Mara nyingi maneno yanazungushwa. Utasikia "aliugua kidogo", "tumbo", "Mungu alimpenda". Na kila neno linalozungushwa linaacha nafasi ya mtu kunyooshewa kidole.

Kaka mkubwa wa Mama Asta na Fifi alifika kutoka kaskazini na wanaume wengine. Alikuwa ameshasikia habari za samaki, maana uvumi husafiri bila tiketi. Nilimwona anamtafuta Fifi kwa macho. Fifi alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama, ametulia, lakini niliona anavyopumua.

Mama Charlotte ndiye aliyetarajiwa kusema, kama dada mkubwa. Akasimama. Akamtazama mdogo wake, kisha akasema, "Ataeleza mwenyewe," akaketi.

Papa Dieudonné akasimama. Yule mtu ambaye ukimpa salamu anakujibu kwa kichwa.

Akaeleza yote. Siku tumbo lilipoanza. Hospitali. Walichomwambia pembeni. Akasema, "Mi na dada yangu tulificha. Kuficha kwetu njo kulimuweka Fifi mu matatizo. Bibi yangu alikufa na kansa ya ini. Kansa. Hakuna mutu alimupatia. Na yeye mwenyewe alijua mbele ya kufa, na alimuita mudogo wake, na alikula samaki yake."

Alilitaja jina la ugonjwa mara mbili, kwa sauti, hewani, pale ambapo watu huwa wananong'ona.

Upepo unapiga turubai. Vijana waliosimama nyuma wanamsubiri kaka mkubwa.

Kisha akasema, "Fifi."

"Yaya."

"Unakaa mbali juu ya nini? Sogea ku kichwa ya dada yako."

Fifi akasimama, akapita katikati ya akina mama, wakamfungulia njia. Akakaa pale panapokaa ndugu wa karibu kuliko wote, akaweka mkono juu ya mbao za sanduku, na ndipo alipopata kulia kilio chake kama mtu huru.

Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta na wanaume wengine. Jamaa mmoja akaniambia sikioni, "Hii kesi nani aliimaliza?"

Nikasema sijui. Lakini wakuu, niliondoka pale nimenyoosha mgongo. Najivunia yule fundi. Najivunia yule mama aliyetaka kuambiwa. Na kidogo, kidogo tu, najivunia kwamba maneno yaliyofungua mlango yalipitia kinywani mwangu, kwa lugha ya mtaani kwetu, na siku hiyo sikuyaharibu.

Nilichojifunza: mgonjwa ukimnyima ukweli habaki mtupu. Anajitengenezea wa kwake, na huo wa kwake unaweza kumla mtu mwingine aliye mzima. Sisemi kila mgonjwa aambiwe kwa pupa. Mimi si daktari, na najua wapo wasiotaka kusikia. Lakini yule anayeuliza, anayenyoosha kidole na kusema rudisha, huyo ameshakuwa tayari kuliko sisi.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mambo haya mnayafanyaje? Kuna aliyewahi kuficha, au kufichwa? Na ingekuwa wewe ndiye uliyelala pale kwenye godoro, ungetaka uambiwe na nani?